Mwaka Mmoja wa Christina

Kijiwe chetu kipo Kawajense, hapa Mpanda, nje ya banda la Elia fundi pikipiki, tunayemwita Injinia kwa sababu hakuna aliyewahi kumkataza. Yupo Josephat, mwalimu mstaafu, huyo ndiye Profesa. Yupo Hilari muuza kahawa, nipo mimi, na yupo mzee Machibya, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe zamani. Machibya ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mkewe alifariki, na binti yake wa pekee, Christina, yuko Marekani mwaka wa tano huu. Jumamosi ile alikuja na simu mkononi. Christina amemaliza digrii ya baiolojia, lakini maksi hazikutosha kuingia udaktari. Sasa amepata nafasi za masters mbili za kumwandaa aombe tena, mfadhili amekubali yoyote, na anataka baba amshauri leo, kabla hajajaza fomu.

— Profesa, soma, alisema Machibya.

— Ya kwanza, mwaka mmoja. Anakaa darasa moja na wanafunzi wa udaktari, anafanya mitihani yao hiyohiyo. Ya pili, miaka miwili. Maabara, utafiti, halafu tasnifu. Zote ni maandalizi.

— Ya mwaka mmoja, alisema Machibya haraka.

— Subiri mzee, tuweke vizibo, alisema Profesa.

Hapa kijiweni jambo kubwa haliamuliwi kwa mdomo tu. Mwenye hoja anaweka kizibo cha soda kwenye ubao wa drafti, upande anaoutaka.

— Miwili, alisema Injinia, akaweka chake. Injini mpya haikimbizwi. Hiyo ya mwaka mmoja ni kupandisha milima ya Mwese na pikipiki iliyotoka dukani jana. Mlima wa kwanza tu, moshi.

— Si ameshasoma digrii? nikamuuliza.

— Digrii ni kuwasha tu, kaka.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Profesa. Kwa hiyo mwaka mmoja. Ukiinama miaka miwili, mgongo haunyooki tena.

Maskini methali ile, sijui ilimkosea nini.

— Ila kule baridi ikianza, aliendelea, saa kumi jioni giza. Ukijumlisha mchana wa miaka miwili ya kule, unapata mwaka mmoja wa Mpanda. Ziko sawa.

— Sasa kizibo unaweka wapi? aliuliza Injinia.

— Katikati.

— Nyie hamjui, alidakia Hilari huku akimimina. Kule wazee wamejaa, hawana wa kuwatunza. Hiyo ya miaka miwili ni ya kumzoesha mtoto. Mwaka wa pili wanamgawia mzee mmoja, anaanza kumwita baba.

Machibya hakucheka. Alichukua vizibo vitatu kwa mpigo, akaviweka kwenye mwaka mmoja.

— Mzee, kila mtu kimoja, alisema Injinia.

— Mimi ndiye baba.

Hatukubishana naye. Nilimwonea huruma, nikajifanya napuliza kahawa.

Pembeni alikuwa amesimama Pudensiana, muuguzi aliyehamia mtaani kwetu wiki iliyopita kutoka Kasansa, akisubiri pancha ya pikipiki yake izibwe.

— Shikamooni wazee. Samahani kuingilia. Hizo zote mbili si za kujiandaa tu?

— Marahaba. Ndiyo, alisema Profesa.

— Udaktari wenyewe atausoma miaka mingapi?

Profesa alipandisha maandishi kwenye simu, akayashusha. Neno maandalizi alikuwa amelisoma mwenyewe kwa sauti, na sote tulilisikia. Hilari aliinamisha birika kwenye kikombe cha mzee, yakatoka matone mawili.

— Nilishapaka rangi chumba chake, alisema Machibya. Nilihesabu mwakani amerudi.

Kisha akachukua simu yake mkononi mwa Profesa, akabonyeza pa kurekodi sauti.

— Christina, mwanangu. Ni baba. Chagua ile unayoona itakuingiza. Usihesabu miaka kwa ajili yangu. Mimi huku nina watu tele, kelele muda wote. Hebu wasikie.

Akatunyooshea simu. Injinia ndiye aliyeanza kucheka, kwa nguvu, bila sababu. Profesa akafuata, Hilari akagonganisha vikombe, nami nikaita jina la mtu ambaye hakuwepo. Hata yule muuguzi alisalimia kwa sauti kubwa.

Machibya akaachia kidole, ujumbe ukaenda. Tukanyamaza.