Mzungu Aliyeita Ng'ombe kwa Klarineti

Ndugu zangu, jina la Bwana na liinuliwe leo, hata kwa sauti ndogo kama yangu!

Mimi ni Saitoti. Wengi mnanijua kama yule kijana wa benchi la nyuma, anayetoka kabla ya salamu za mwisho. Tangu nirudi kutoka Saudia mchungaji amekuwa akiniomba ushuhuda, na kila mara nimemwambia, Jumapili ijayo. Shule niliishia darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa polepole, lakini nimeandika ili karatasi inishike mkono nikiwa mbele yenu. Mkiona nimenyamaza katikati, msinihurumie. Navuta pumzi tu. Nitawaeleza nani alinifundisha.

Ndugu zangu, nilikuwa mtu aliyefungwa koo. Sikuwa bubu. Nikiwa malishoni na ng'ombe wa baba niliongea siku nzima. Tulikuwa na ng'ombe mweupe, Naibor, aliyetangulia wengine wote, naye nilimwambia mambo yote ya moyo wangu. Jioni nilimwita kwa wito wa baba: sauti inaanza juu, inashuka, inapanda kidogo, kisha mluzi. Naibor aliinua kichwa akaja, na kundi lote nyuma yake. Lakini mtu akinitazama akitaka neno kutoka kwangu, koo lilijikaza kama mdomo wa gunia. Mwalimu akisema nisome kwa sauti, nilisimama na kitabu mpaka darasa lote likacheka. Mama alinileta hapa kanisani. Wazee wengine mliopo leo mliniwekea mikono. Niliitika Amina moyoni, na mdomo ukabaki umefungwa.

Kisha ukame ukaja. Naibor alikuwa wa mwisho kuanguka. Wakati ule vijana wengi walikuwa wakichukuliwa kwenda kufanya kazi Uarabuni, nami nikaenda.

Nilifikia Riyadh, katika nyumba ya familia moja, kuosha magari na kutunza bustani. Siku moja pampu ya maji iliungua. Mtu alikuwa ameiacha ikizunguka bila maji. Mimi sikuigusa siku hiyo. Madam alituita uani, mimi na dereva. Dereva akasema si yeye. Madam akanigeukia.

"Ni wewe? Kama si wewe, sema la."

La, kwa Kiarabu, ni hapana. Neno moja fupi kuliko yote! Nisiwadanganye, ndugu zangu, yule mama hakuwa mbaya. Alinisubiri. Aliinamisha kichwa kama mtu anayemtegea mtoto sikio. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Halas," akasema kwa huzuni. Yaani basi, imeisha.

Nikarudishwa ofisini kwa wakala, na baadaye nikapewa kafili mwingine, mwajiri wa Jeddah. Safari ni ndefu, jangwa tupu. Niliegemeza uso kwenye kioo cha basi nikaomba: Mungu, sitaki maneno mengi. Nipe moja tu.

Jeddah niliwekwa kwenye kompaundi ya wageni waliofanya kazi bandarini. Nilifagia njia na kumwagilia miti. Katika nyumba mojawapo alifanya kazi dada wa Kitui, dada Mwende, mwenye maneno ya kututosha sote wawili.

"We Saitoti, leo umesema maneno mangapi?" alikuwa akiniuliza akianika nguo. "Mawili? Aki ukifika matano nakupikia chapati."

Ni yeye aliyenipeleka Kandara, mtaa mmoja wa Jeddah, kwenye chumba cha Wakenya wachache, tukaomba siku ya Ijumaa kwa sauti ya chini, maana kule ibada yetu haina ruhusa. Hapo nilistarehe, kwa sababu kila mtu alinong'ona.

Kompaundi ilikuwa na paka wengi. Jioni nikimaliza kazi niliwawekea mabaki ya wali, na kwa kuwa hapakuwa na mtu karibu, niliwaita kwa wito wa Naibor. Walikuja mbio! Siku moja nimeita hivyo, nikasikia wito wangu ukirudi kutoka dirisha la nyumba ya mwisho. Haukuwa wa mdomo. Ilikuwa sauti kama ya mti, laini, yenye joto ndani yake. Nikatupa sufuria nikakimbia.

Kesho yake nikaita tena, kidogo. Ikajibu. Lakini ilikosea! Pale pa kushuka ilishuka haraka mno. Nikaita tena kuisahihisha. Ikakosea tena palepale. Ndugu zangu, mchungaji wa ng'ombe hawezi kuvumilia jambo hilo. Nilienda mpaka chini ya dirisha nikasema kwa Kiingereza changu cha shule, "No! Cow will not come!"

Dirisha likafunguka. Mzungu mwembamba, mweupe kama karatasi, akatoa kichwa. Mkononi alikuwa na filimbi nyeusi ndefu yenye vitufe vya kung'aa.

"Kwa nini hatakuja?" akaniuliza, na hakuwa anacheka.

"Unamfukuza," nikamwambia. "Mwite polepole."

Ni baada ya kufika chumbani ndipo nilipojua kwamba nimesema na mtu nisiyemjua. Nilikaa kitandani nikashika koo langu.

Mtu huyo alikuwa Mswidi, jina lake Olle. Jina hilo lilinichekesha, maana kwetu Umasaini Ole hutangulia jina la baba, na mtu hawezi kuwa Ole tupu. Nilimwita bosi, akakataa. Alisema bosi wangu ni yule mwenye funguo za geti. Ile filimbi inaitwa klarineti. Mdomoni imefungwa kipande chembamba cha utete, na Olle alikiweka kwanza juu ya ulimi kikalowa. Utete mkavu, aliniambia, hupiga kelele tu.

Maisha yake nilijua kidogo kidogo, jioni kwa jioni, mimi nimekaa kwenye ngazi za nyumba yake. Alizaliwa kaskazini mwa nchi yao, kwenye misitu na theluji. Bendi ya mji wake ndiyo iliyompa klarineti. Kabla ndevu hazijamtoka vizuri akaenda Stockholm kupiga jazi kwenye vilabu, na baadaye yeye na wenzake wakatoa sahani moja ya muziki.

"Watu wakaanza kujua jina langu," alisema, "na madaktari wakaanza kujua mapafu yangu."

Ugonjwa ulimkata pumzi. Alipoacha majukwaa alikuwa bado kijana. Rafiki yake akamtafutia kazi ya ofisi bandarini Jeddah, wakitumaini hewa ya joto itamsaidia. Kwa hiyo muziki wake ulikuwa umekwisha kabla sijamjua. Alipiga kidogo, akapumzika sana.

Nikamuuliza jazi ni nini.

"Ni kile tulichofanya pale dirishani. Mmoja anaita, mwingine anajibu, na hakuna anayejua jibu litakuwaje."

"Na wito wangu uliujuaje?"

"Bibi yangu alikuwa na ng'ombe msituni. Aliwaita karibu hivyo. Kwetu walioita ni wanawake."

"Wanawake!" nikasema. "Wanaume walifanya kazi gani?"

"Walingojea maziwa."

Nilicheka mpaka dada Mwende akachungulia juu ya ukuta. "Yesu wangu! Ni Saitoti anacheka hivyo? Ngoja nikande unga!"

Olle alianza kutunga wimbo, akiunganisha wito wa baba yangu na wa bibi yake. Aliniambia wito wangu niuimbe mimi, kwa sababu klarineti ilimchosha. Akanifundisha pumzi. "Isikae kifuani. Ishushe mpaka kwenye mkanda. Na usianze kwa nguvu. Anza kama mtu anayepuliza chai ya moto." Nilifanya hivyo, na koo halikukaza. Lakini hilo lilikuwa mbele yake tu na paka. Ofisini kwa msimamizi bado nilikuwa gunia lililofungwa.

Katika wimbo ule, kila nilipomaliza mstari, aliinua kidole. "Hapa tunangoja." Tukangoja. Mara nyingine alifumba macho kabisa. Nilidhani anatafuta pumzi, na kwa heshima sikumuuliza.

Olle hakuwa mtu wa kanisa. Alisema hajui kama anaamini. Lakini nikiombea chai yetu alivua kofia, na hakuivaa tena mpaka niseme Amina. Niliomba apone. Dada Mwende na wenzetu wa Kandara waliomba nami. Hakupona, ndugu zangu. Sitasimama hapa niwaambie alipona.

Mara ya mwisho nilimwona hospitalini, mipira ya hewa puani. Hakuweza kusema. Akagusa koo lake, akaninyooshea kidole. Nikamwimbia kwa sauti ya chini sana, na kila tulipopaswa kungoja, kidole chake kiliinuka juu ya shuka. Asubuhi iliyofuata dada Mwende alinikuta nikifagia. Alichukua ufagio mkononi mwangu akaendelea kufagia yeye. Nikajua.

Wenzake wa bandarini walikutana nyumbani kwake kumkumbuka. Mimi na dada Mwende tuliitwa kusaidia chai. Mama yake Olle alikuwa kwenye kompyuta iliyowekwa mezani, mama mzee, nywele nyeupe, amekaa jikoni kwake kule kaskazini. Mmoja wao alitutafsiria maneno yake. Alisema mwanawe alimwambia kwenye simu kwamba anatunga wimbo wake wa mwisho. Alitaka kuusikia. Wakatafuta kwenye simu ya Olle na kwenye mashine zake, hakuna. Hakuwahi kuurekodi.

"Alisema kuna kijana wa bustani anaujua," mama akasema. "Yupo?"

Chumba kizima kikanigeukia, nimeshika sinia la vikombe. Ndugu zangu, koo likafunga! Vikombe vikaanza kugongana. Nilikuwa tena Riyadh uani, na mama mwingine ameinamisha kichwa ananisubiri. Nikiondoka pale bila sauti, wimbo wa Olle ungezikwa naye, na mama yake asingeusikia milele.

Dada Mwende akanipokea sinia. "Mdogo wangu," akaninong'oneza, "hawa si watu. Ni ng'ombe. Waite."

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, Bwana, ni lile neno moja nililokuomba kwenye basi. Nikalowesha ulimi. Nikashusha pumzi mpaka kwenye mkanda. Nikaanza kama anayepuliza chai.

Ikatoka! Ikaanza juu, ikashuka polepole, ikapanda kidogo. Nikafika mwisho wa mstari, nikanyamaza kama alivyonifunza. Hapa tunangoja.

Na kutoka mezani, kutoka kule theluji ilipo, mama yake Olle akajibu.

Hakuna aliyemwambia. Aliinuka kwenye kiti chake cha jikoni akaita kama mama yake alivyoita msituni, sauti ya juu, ya kizee, haikutetemeka hata kidogo, na ikaingia pale palipoachwa wazi kama mguu unaoingia kwenye kiatu chake. Nikaita mstari wa pili. Akajibu. Tukaenda hivyo mpaka mwisho, mimi na yeye, watu wanalia na sisi tunaita ng'ombe. Ndipo nikaelewa. Olle hakuwa akitafuta pumzi pale. Alikuwa akimwachia mama yake nafasi.

Tulipomaliza mama aliniuliza jambo, wakatafsiri: je, aliteseka?

"La," nikasema. "Alikuwa ananisikiliza."

Dada Mwende alinipikia chapati siku ile, na nikaongea mpaka akaniambia ninyamaze tule.

Ndugu zangu, mimi nilimngojea Mungu alete mhubiri mkubwa anifungue kwa kishindo. Akanipeleka kwa mtu asiye na pumzi. Namshukuru! Namshukuru kwa Olle aliyeishi kidogo, akapiga kidogo, na alichobaki nacho akakigawa. Namshukuru kwa dada Mwende. Mama yangu, uliyenileta hapa mara zote hizo, haikupotea hata moja.

Na wewe uliyekaa benchi la nyuma, karibu na mlango, nakujua. Hapo ni pangu. Kama kuna kitu kimekufunga, mtegemee Bwana. Hakuchoki. Ule ukimya unaousikia kila unapoomba, mimi nilidhani ni kwamba ameishiwa maneno. Kumbe ni nafasi yako.

Sasa naweka karatasi chini. Nitaita wito wa baba yangu, mara moja tu. Nikinyamaza, usiogope.

Hapo tunakungoja.