Nilivuka Kwenda Kamanga Bila Safari

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu, Bwana aliyenifikisha asubuhi hii nikiwa mzima na mwenye akili zangu. Kwa wasionijua, naitwa Byamungu. Ni mtoto wa Kongo, upande wa Bukavu, na nimemaliza masomo ya uuguzi hapa Mwanza. Mchungaji ametuomba wanafunzi wa kigeni tunaoondoka tuliage kanisa. Wenzangu wameimba vizuri. Mimi sauti sina, ndiyo maana nimeomba nisimame niseme Mungu alivyonitendea.

Nilipofika mji huu sikujua mtu. Nilipanga chumba Kiseke, nyumbani kwa Mama Koku, ambaye wengi mnamfahamu. Yule pale, kwenye kwaya ya akina mama. Siku ya kwanza nilimsalimia, "Jambo, mama." Akanitazama, akasubiri. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti. Akasubiri tena. Mwisho akasema, "Mwanangu, huku mkubwa anaamkiwa. Sema shikamoo, halafu nitakupa ufunguo." Nikasema shikamoo, nikapewa ufunguo. Na Kiswahili changu cha Bukavu kilikuwa burudani ya chuo kizima. Nilikuwa nikisema "banakuya," darasa linaanguka kicheko. Hawakunicheka kwa ubaya. Wengine ndio walionifundisha kusema "wanakuja," wakanigawia na ugali wao.

Chumba cha jirani alikaa Chikondi, Mmalawi, tuliyesoma naye darasa moja. Huyo alikuwa ndugu yangu. Tulipika pamoja, tulisoma pamoja, na zamu zetu za wodini tuliziomba ziwe pamoja.

Nyumbani nilimwacha baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na mama na dada yangu mdogo, Furaha. Kila Jumapili nikitoka ibadani niliwapigia simu. Baba aliuliza masomo, mama aliuliza chakula. Kijiji chetu kiko juu mlimani, na hakuna muuguzi aliyesomea. Mama mjamzito akizidiwa, wanaume humlaza kwenye machela ya miti wakashuka naye mpaka barabarani, na wengine hawafiki. Baba alikuwa amekwisha kuwatangazia watu kwamba mwanawe akirudi, kubebana kutakwisha. Ndugu zangu, nilisoma kwa ajili ya mlima ule. Nikichoka, niliukumbuka, nikafungua kitabu tena.

Tukamaliza mitihani ya mwisho. Mnajua furaha ya mtu anayejiandaa kurudi kwao. Mimi na Chikondi tulizunguka madukani mjini kama watoto wa sikukuu. Yeye alimnunulia babu yake redio. Mimi nilimnunulia mama kitenge cha rangi ya kijani, kwa sababu mama anapenda kijani kuliko rangi zote. Tukaanza kufunga mabegi.

Hapo ndipo vita vilipopanda mlimani kwetu.

Jumapili ile simu ya baba haikupatikana. Nikapiga ya mama, haikupatikana. Nikapiga ya katekista, ya duka la kijiji, ya mjomba aliyeko mjini. Mjomba peke yake ndiye aliyepokea, akasema, "Mlima wote umetawanyika, mwanangu. Watu wamekimbia kila upande. Hatujui nani yuko wapi." Baada ya hapo na simu ya mjomba ikazimika.

Wiki zikapita. Kila aliyekutana nami chuoni aliniuliza swali moja, na aliuliza kwa upendo: "Byamungu, unarudi lini?" Lilikuwa linanichoma kama sindano. Nirudi wapi? Kibali changu cha kuishi hapa kilikuwa kinaelekea kwisha, na kule nilikotoka kumekuwa majivu. Wenzangu walipiga picha wakiwa wamevaa majoho. Mimi nilisimama nyuma kabisa, nikatazama pembeni.

Nikaacha kula. Nikaacha kuomba pia. Nilikuja hapa hapa, nikakaa benchi la mwisho karibu na mlango, nikafumbua mdomo wakati wa nyimbo, sauti isitoke. Tulifundishwa darasani jinsi ya kumtambua mgonjwa aliyezidiwa na huzuni, mpaka maswali ya kumuuliza nilikuwa nayajua kwa kichwa. Kwangu mwenyewe sikuona kitu. Nikaanza kugawa vitu. Viatu vyangu vya wodini nikampa mtu. Vitabu nikampa mwingine. Kile kitenge nikampelekea Chikondi, nikamwambia, "Mpe mama yako."

Chikondi hakukubali kiwe zawadi. Alikikunja vizuri, akasema, "Mama yangu ana vitenge. Hiki cha mama yako kitakaa kwangu mpaka utakapokihitaji." Nikaondoka.

Nikawa na tabia ngeni. Mchana nateremka mjini, napanda kivuko cha kwenda Kamanga, ng'ambo ya ziwa upande wa Sengerema. Sikuwa na shughuli Kamanga. Sikuwa na mtu Sengerema yote. Nilipanda kwa sababu kila mtu mle ndani alikuwa anakwenda mahali. Mwenye kuku anakwenda, mwenye mgonjwa anakwenda, mwenye pikipiki anakwenda. Nikikaa katikati yao, kwa muda ule wa kuvuka nilijiona na mimi ni msafiri. Tukifika ng'ambo wote wanashuka na njia zao, mimi nageuka, narudi na kivuko kile kile.

Siku moja wakati wa kurudi Mwanza nilisimama pembeni, kwenye vyuma vya kuzuia watu, nikayatazama maji. Wazo baya likanijia. Watu wazima mnanielewa, sina haja ya kulitaja. Ndugu zangu, lile wazo halikuja kwa kelele. Lilikuja polepole, kama mtu anayekukaribisha upumzike. Hilo ndilo lililonitisha baadaye, jinsi lilivyokuwa pole.

Nikasikia sauti ya mama mmoja nyuma yangu: "Wewe kijana, usisimame kama nguzo. Nishikie hili gunia, linaanguka."

Nikageuka. Alikuwa mama wa makamo, amejifunga mtandio, amezungukwa na magunia ya dagaa. Moja lilikuwa limeinama kweli. Nikalishika. Akalifunga upya kamba, hana haraka, huku akinisemesha.

"Unatoka Sengerema?"

"Hapana, mama. Nilikuwa ninazunguka tu."

"Watu wanazunguka na kivuko siku hizi?" Akacheka, kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka. "Hayo maneno yako si ya huku. Wewe ni wa Kongo."

"Ndiyo, mama. Bukavu."

"Basi hujaniamkia, Mkongo."

Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akakaa juu ya gunia, akagonga la pembeni kwa kiganja. "Kaa. Nina wateja wangu Uvira, nina wateja Bujumbura. Watu wenu wanapenda dagaa wetu. Sasa niambie, kwenu kukoje?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Wote waliuliza narudi lini. Ndugu zangu, nililia pale juu ya magunia ya watu mpaka kivuko kikagonga gati. Yule mama hakuninyamazisha. Abiria walipoanza kushuka ndipo akasema, "Nitajie jina la mama yako, na kilima chenu, na alama moja mwilini mwake ambayo mgeni hawezi kuibuni." Nikamwambia kidole kidogo cha mkono wa kushoto cha mama hakikunjiki, kilivunjika akiwa msichana. Akachukua simu, akawarekodia ujumbe wafanyabiashara wenzake palepale, akawatumia, akaniuliza na mahali ninapokaa. Akaniambia, "Mimi naitwa Bi Mwajuma, nakaa Igogo. Sikuahidi kitu. Ila dagaa wangu wanafika mahali ambapo magari ya wakubwa hayafiki."

Natamani niwaambie kwamba tangu siku hiyo nilipona. Sikupona. Siku zilipita bila jibu, na mimi nikazama tena. Nilijifungia chumbani nikawa siitiki mtu akibisha hodi. Chikondi alikuwa amekwisha kupata basi la kurudi kwao. Asubuhi ya safari nikasikia anaongea na Mama Koku uani. "Mama, siwezi kupanda basi nikamwacha hivi. Nimewaambia nyumbani wanisubiri." Akarudisha begi lake ndani. Babu yake alikuwa anamngoja, na sherehe ilikuwa imeandaliwa, lakini akarudisha begi.

Mama Koku akaja mlangoni kwangu. Hakubisha, alifungua kwa ufunguo wake wa akiba, akaingia na sahani ya ndizi na maharage, akaiweka juu ya meza, akaketi kitandani.

"Kula," akasema.

"Mama, siwezi hata kuomba."

"Nani amekuambia uombe? Nimekuambia ule. Kuomba tutaomba sisi, mimi na huyu Mmalawi. Wewe kazi yako kula na kuoga. Na usiku mlango wako usiufunge na komeo."

Alizungumza kama anayepanga kazi za nyumbani. Kuanzia siku hiyo nilikula mezani kwake asubuhi na jioni. Chikondi alihamishia godoro lake chumbani kwangu, na Mama Koku akanipeleka mwenyewe kwa daktari, akakaa kwenye benchi mpaka nilipotoka. Jioni wao wawili walipiga magoti sebuleni, mmoja akaomba kwa Kihaya, mwingine kwa Kichewa. Mimi nilikaa kwenye kochi nikasikiliza lugha nisizozielewa zikitaja jina langu. Tunasoma habari za mgonjwa aliyebebwa na wenzake wakatoboa paa ili wamfikishe kwa Yesu. Hatuambiwi kama yeye mwenyewe aliomba chochote. Alibebwa tu. Ndugu zangu, na mimi nilibebwa.

Jumapili moja, tukiwa tunakula mchana, tukasikia hodi. Alikuwa Bi Mwajuma. Hakukubali chai, hakukubali chakula, alitaka kiti tu. Akaweka simu yake mezani katikati ya sahani, akasema, "Sikiliza kwanza, halafu useme kama ndiye."

Sauti ikatoka. Kulikuwa na kelele za watu wengi, watoto wanalia, na mwanamume akisema kwa mbali, "Ongea, mama, ongea hapa." Kisha ikaja sauti ya mama yangu. Aliongea kile Kiswahili chetu nilichochekwa nacho.

"Ni nani ananitafuta? Kama ni mutoto wangu wa Mwanza, mumwambie niko muzima. Niko na Furaha. Anakulaka muzuri?"

Chikondi alinyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na kile kitenge cha kijani, akanitandikia mapajani. Mama Koku akafunika uso kwa khanga. Na mimi, ndugu zangu, kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, nikafumbua mdomo kuomba na neno likatoka. Nilisema, "Asante, Bwana." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu yote, na nilijua imefika.

Mama na Furaha wako kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Burundi. Dereva mmoja wa lori aliusikia ujumbe, akaupeleka kambini, na akina mama wakautangaza penye foleni ya maji. Kidole ndicho kilichomtambulisha.

Baba hatunaye. Mama aliniambia mwenyewe tulipopata kuongea. Baba aliwateremsha salama mpaka barabarani, halafu akarudi juu kumchukua bibi jirani asiyeweza kutembea. Hakushuka tena. Majirani walimzika kando ya shule yake. Kuna atakayeniuliza, mbona Mungu alimponya mama na baba akamwacha? Sijui. Nimeuliza na mimi, kwa machozi, na bado nauliza. Ninalolijua ni kwamba naweza kumuuliza sasa, na zamani kidogo sikuweza hata kumtaja.

Chikondi yuko Malawi. Amenipigia jana, redio ya babu inalia mpaka majirani wanalalamika. Mama Koku alitaka nibaki, akasema chumba ni changu. Lakini nimeongea na zahanati ya kule kambini, wanahitaji wauguzi, wamesema nije. Kesho asubuhi naondoka na lori la dagaa la Bi Mwajuma, kupitia Kahama mpaka mpakani. Nitafika nikinuka dagaa. Mama hatajali.

Bi Mwajuma ni Mwislamu, na nimemwomba aje leo tu anisindikize. Yule pale amesimama dirishani, amekataa kukaa. Mama, mbele ya watu hawa wote, shikamoo. Mungu akuzidishie.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye maji yale nisiyaingie. Nalishukuru kanisa hili lililoniombea bila kujua jina la ugonjwa wangu. Na sasa nasema na wewe uliyekaa benchi la mwisho, karibu na mlango, unayefumbua mdomo na sauti haitoki. Nakufahamu, mahali hapo nilikaa mimi. Sikuambii uwe na imani kubwa leo. Mwamini Mungu kwa kiasi cha kumgusa tu jirani yako na kumwambia hali yako ilivyo. Ibada ikiisha, Mama Koku atakuwa hapo nje, nami nitakuwa pamoja naye. Leo usitoke peke yako.