Maisha ya Harrison Mwinga Kalama, na Mpira Alioutia Mfukoni

Mchungaji wetu, wazee, ndugu zetu wa msikitini mliokuja kutushika mkono, majirani wa Ukunda na nyote mlioacha shughuli zenu, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba subira, kwa sababu maisha haya yanasomwa kama marehemu mwenyewe alivyotaka yasomwe, pamoja na sehemu ambayo watoto na mama yao walimsihi aiache, naye akakataa.

Marehemu Harrison Mwinga Kalama alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika kijiji kimoja nje ya Kinango, mtoto wa tatu wa mzee Kalama Mangi na mama Jumwa Ziro, wafugaji wa mbuzi. Aliingia darasa la kwanza mwaka wa 1965, akamaliza la saba mwaka wa 1971, na kwa kuwa njia ya sekondari haikupatikana, mjomba wake alimchukua Mombasa, akajifunza ufundi wa umeme na pampu za maji.

Tarehe 2 Mei 1979 aliajiriwa katika hoteli moja ya Diani, na baadaye hoteli ilipojenga uwanja wa gofu, yeye ndiye aliyekabidhiwa pampu za kumwagilia nyasi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Desemba 2015. Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na Bi Lenah, binti wa Ukambani aliyekuja pwani kufundisha chekechea, wakajaliwa watoto watatu, Faith, Griffin na Immaculate, na wajukuu wanne.

Gofu aliianza kwa fimbo moja kuukuu aliyoachiwa na mgeni, wafanyakazi wakiruhusiwa kucheza Jumatatu, na kuanzia hapo haikumtoka. Akirudi nyumbani alishika mwiko wa Lenah na kuonyesha jinsi mpira ulivyopaa, hata kama aliupiga mara saba kuutoa mchangani, na tumbili wakimwibia mpira aliwafuata hadi kwenye miiba akiwasemesha kama watu wazima wenye akili zao. Mkewe alilalamika kwamba ana mume anayetembea kilomita nane kufuata mpira, lakini akitumwa dukani goti linamuuma. Mwenzake wa kucheza alikuwa Bwana Abdurahman, karani mstaafu wa mahakama ya Kwale, na watu wa Ukunda waliwajua kama mapacha. Kila mmoja alitia alama kwenye mpira wake ili wasigombane, Abdurahman mstari wa buluu, Harrison nukta nyekundu.

Jumamosi tarehe 20 Agosti 2016 palikuwa na shindano la kombe la mwaka, na Harrison, ambaye hakuwahi kushinda chochote, alikuwa anaongoza. Walipofika shimo la kumi na nne, ambapo mpira hupigwa juu ya mwinuko na mchezaji haoni unakoangukia, Abdurahman alisema, "Tukachungulie kwanza, huenda kuna watu." Harrison aliogopa mkono wake usije ukapoa, akajibu, "Saa hizi hakuna mtu. Tupige twende." Alipiga yeye, akafuata Abdurahman, na upepo ulikuwa mkali, hawakusikia kitu.

Walipovuka mwinuko walimkuta Bi Mbodze Tsofa wa Munje, mkata nyasi wa uwanja, ameinama chini, mikono usoni, damu ikimpita kati ya vidole. Abdurahman alimkimbilia, akavua shati lake la juu kumfunga. Harrison aliuona mpira wenye nukta nyekundu karibu na miguu ya yule mama, akauokota, akautia mfukoni. Wa Abdurahman ulikuwa hatua chache mbele, na Abdurahman alipogeuka akauona huo peke yake, akauliza kwa sauti ndogo, "Wako uko wapi?"

"Wangu umeingia kichakani," alisema Harrison.

Mchezo ulisimamishwa, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiongoza, akapewa yeye kombe, naye akalipokea na kupigwa picha. Bi Mbodze alipoteza jicho la kushoto, akaacha kazi ya uwanjani, akawa anachoma maandazi nyumbani. Abdurahman aligawa fimbo zake, hakucheza tena, na kila Idi alikwenda Munje na sahani iliyofunikwa, kuomba msamaha.

Tarehe 14 Julai 2018 Bi Mbodze aliozesha binti yake, na Abdurahman alimwomba Harrison amsindikize, akasema hana uso wa kwenda peke yake. Harrison alikwenda. Bi Mbodze mwenyewe ndiye aliyemwekea pilau, akamwambia, "Mungu akuweke, Bwana Harrison. Si wengi wanaokubali kukaa karibu na mwenzao aliyeaibika." Marehemu alisimulia kwamba alikula mpaka mwisho.

Ilimchukua karibu mwaka mwingine. Jumatatu tarehe 10 Juni 2019, siku chache baada ya Idi, alikwenda kwa Abdurahman, akasimama kizingitini, akautoa ule mpira.

"Uliompiga Mbodze ni huu," alisema. "Ni wangu."

Abdurahman aliugeuzageuza mpaka akaiona nukta. "Tangu siku ile ulikuwa nao?"

"Tangu siku ile."

"Na Munje tulikula sahani moja."

Abdurahman alimrudishia mpira, akaingia ndani, akafunga mlango polepole, na marehemu alikuwa akisema kwamba ingekuwa heri kama angeubamiza.

Kesho yake alikwenda Munje pamoja na mkewe. Bi Mbodze alimsikiliza huku akigeuza maandazi, kisha akasema, "Jicho langu lingekwenda kwa mpira wa yeyote. Lakini umemwacha yule mzee aniombe radhi kila Idi kwa kosa lisilo lake. Hilo siwezi kukusamehe mimi, kwa sababu si langu." Harrison alirudisha kombe, akaieleza kamati ya uwanja mambo yote, jina lake likafutwa kwenye ubao wa washindi, wala hakulalamika. Kuanzia mwaka huo alikuwa akienda Munje kila mwezi kutunza pampu ya kisima cha Bi Mbodze, na watu walipomsifu aliwakataza.

Novemba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, akatibiwa Mombasa na Msambweni, na mwezi wa Mei mwaka huu wa 2025 akalazwa asiweze tena kuinuka. Alhamisi moja mlango wa wodi ulifunguliwa, akaingia Abdurahman, baada ya karibu miaka sita. Alikaa saa nzima, akazungumzia mvua na mikorosho iliyochanua vibaya, akamnyoosha shuka, akasema, "Nitarudi Alhamisi." Alirudi Alhamisi hiyo na nyingine. Marehemu alimuuliza mkewe kama Abdurahman amesema amesamehe, na Lenah akamjibu, "Hapana. Amesema atarudi." Marehemu alitulia sana baada ya jibu hilo. Aliaga dunia Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Msambweni, majirani wa Ukunda, wafanyakazi wenzake wa zamani, na Kanisa. Inamshukuru Bi Mbodze Tsofa, aliyetoka Munje alfajiri na yuko nasi hapa. Na kwako Bwana Abdurahman, familia haina shukrani inayotosha, inakuomba radhi mbele ya watu hawa wote, kama yeye alivyotuagiza, wala haidai jibu.

Sasa pumzika, Harrison Mwinga, na amani uliyomcheleweshea mwenzako, Mungu asikucheleweshee wewe.