Mama Triza Hakuwa Bomu

Beatrice Nabwire Lusweti, Mama Triza wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Funyula, Busia, katika ukoo wenye akili nyingi, tusifichane. Alisoma hadi darasa la saba. Angeendelea, lakini zamu ya karo ikawa ya kaka zake, nao wakaifikisha walipoweza, si mbali.

Mwaka 1979 alikuja Nairobi akashona sare za shule, mwishowe akapata kibanda sokoni Muthurwa. Tarehe 5 Desemba 1981 aliolewa na Mzee Lusweti wa kiwanda cha sabuni, mwanamume mpole anayejua kunyamaza. Mungu hugawa kwa busara.

Mwaka 2016 alipatikana na saratani ya tezi ya shingo. Baada ya upasuaji, daktari alimpa kidonge cha iodini, madini yale ya kwenye chumvi, ila hii ina mionzi.

“Imetoka kwenye tanuri la nyuklia,” daktari akasema.

“Nitalipuka?”

Daktari akacheka, akamfafanulia. Kiini cha atomu ya urani, metali nzito ya kuchimbwa, kikigongwa na nyutroni, chembe ndogo sana ya ndani ya atomu, hupasuka vipande viwili, hutoa joto, na kurusha nyutroni nyingine mbili tatu zinazopasua viini vingine. Katika bomu mambo huachwa yakimbie. Katika tanuri kuna vyuma vya kumeza nyutroni, na joto huchemsha maji ya kuzalisha umeme. Iodini ile ni kipande kimojawapo cha urani iliyopasuka. Tezi huivuta, nayo huunguza saratani mle mle.

Nyumbani aliwaeleza majirani kwa njia yake. “Ni kama umbea wa ploti hii. Jirani yetu Maurine hapa akiambiwa neno, anapasuka, anawaambia watatu.”

“Kwa hivyo mimi ni urani?” Maurine akauliza.

“Urani safi, dada. Mzee Lusweti ndiye chuma cha kumeza. Neno likimfika, limekwisha.”

Walicheka, lakini kilichobaki mtaani ni kwamba Mama Triza ni bomu. Saratani iliondoka, uvumi ukabaki. Tarehe 3 Juni 2025 moyo wake ulisimama akiwa usingizini.

Jumatano hii, akina mama waliokwenda kumvisha walikwama mlangoni mwa mochari. “Tutaungua,” mmoja akasema. Triza, aliyeogopa mamake avishwe na mikono ya wageni, akampigia daktari yule simu, sauti ikawekwa juu wote wasikie.

“Dawa ile hupungua nusu kila siku nane,” daktari akasema. “Hii ni miaka tisa. Haipo. Mvisheni mama yenu.”

Maurine akapenya. “Pisheni! Lete hiyo blauzi.” Wote wakamfuata, hata waliokuwa wamesingizia maumivu ya mgongo.

Ameacha mume, Mzee Lusweti, binti yake Triza, wajukuu wanne, na kaka zake, ambao hadi leo hawajutii ile karo. Ibada ikiisha jeneza litafunguliwa. Mliojibanza ukutani, sogeeni mumuage.

Lala salama, Mama Triza, umevishwa na walio wako.