Kurasa za Mama Clotilde katika Soko la Kashikishi

Tarehe 30 Juni 1978 Mama Clotilde Chisenga anaacha kazi, baada ya miaka kumi na tisa katika chumba cha vitabu cha Ushirika wetu wa wavuvi, hapa Kashikishi. Komite imenipa mimi Ngosa, mutunza ghala, niandike maneno ya furaha. Nitajaribu.

Alivuka kutoka upande wa Kongo na sanduku la vitabu ambavyo huwezi kuvikuta dukani. Viliandikwa na walimu na makatekista waliomlipa mpiga chapa kwa pesa za mifuko yao, kisha vikalala chini ya kitanda maana hakuna mutu aliyejua kama viko. Jambo hilo lilimuuma. Akawa anapiga nakala za ukurasa wa kwanza wa kila kitabu kwa stensili na kuwagawia wanawake wa soko wafungie chisense, wale samaki wadogo wakavu. Mutu anafika nyumbani, anamwaga samaki, anasoma, na hadithi inakatika palepale pa utamu. Wiki ya kufuata yuko mlangoni kwetu anadai kurasa zilizobaki. Nilimtania kwamba vitabu vyake vinanuka ziwa. Alicheka, na chumba kikajaa wasomaji.

Alichokipenda kupita vyote ni kitabu cha mwalimu Evariste wa Mwansabombwe, juu ya mama yake mfinyanzi. Kina kurasa sitini na nne. Evariste alipofariki, nakala kumi na mbili zilizobaki zilikuwa zote kwenye rafu yetu.

Mwezi wa pili mwaka huu Mama Clotilde alikwenda Mansa kutibiwa macho. Komite ikataka chumba kiwe cha nyavu. Wanawake wa soko wakaja kuomba karatasi kama kawaida yao, na ufunguo nilikuwa nao mimi. Miaka yote niliona karatasi zikitoka mule kwenda kufunga samaki, na vitabu vyenyewe havikuwa hata na jina la kampuni ya vitabu. Nikafungua, nikasema wachukue vitabu. Walibeba siku mbili.

Aliporudi aliuliza kitu kimoja: “Bitabu iko wapi?” Nikamjibu: “Iko ku soko.” Hakunitukana. Heri angenitukana.

Tangu siku ile anapita sokoni meza kwa meza, anakunjua karatasi zenye mafuta na kuzipanga upya. Kati ya zile sitini na nne za Evariste amepata hamsini na moja zinazosomeka. Vitabu vingine ameacha kuvitafuta.

Komite imemnunulia saa ya ukutani. Yeye hakuomba saa.

Asante kwa kazi yako, Mama. Macho yako yapone, ukae kwa amani na wajukuu. Na ninyi mnaosoma karatasi hii, mkifika nyumbani tazameni samaki wenu wamefungwa kwa karatasi gani. Ukurasa wa mwisho wa Evariste haujaonekana. Ningaliweza kumsaidia Mama kukumbuka maneno ya ukurasa huo, maana kitabu kilikaa miaka yote hatua kumi kutoka ghala langu. Sikuwahi kukifungua.