Mama Mizani na Ufunguo wa Maji

Ndugu, majirani na wanachama wenzetu wa ushirika, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mizani, na mnajua kwa nini, maana hakuna kapu la kahawa lililopita mbele yake bila kupekuliwa, na langu alinirudishia mara nyingi kuliko la mtu yeyote aliyeketi hapa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati yetu sita, katika nyumba ileile ya mabati mliyopita leo mkija kumuaga, akaanza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza mwaka 1966, akiwa wa pili darasani, jambo alilolilalamikia hadi uzeeni, kwa kuwa aliyemshinda alikuwa na mwandiko mbaya. Baba alifariki mwaka huohuo, hivyo dada akabaki nyumbani kutusomesha wadogo zake kwa kahawa ambayo bei yake tuliisikia kwa mchuuzi siku ya kuuza, tukaikubali kwa sababu hatukuwa na pengine pa kuipeleka.

Tarehe 2 Februari 1972 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kiwanda chetu cha kumenya na kuosha kahawa, akakabidhiwa na funguo zote, na tarehe 20 Desemba 1974 akafunga ndoa na fundi seremala, shemeji yetu aliyekaa pale mbele, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa.

Mwaka 1993 ushirika wetu ulipata wanunuzi wa biashara ya haki, waliotuahidi bei inayojulikana kabla ya mavuno, na juu yake nyongeza ya kijiji kizima, itumike kama wanachama watakavyopiga kura, nao walichotaka kwetu ni kahawa safi na maneno ya kweli, basi.

Ninayoyasema sasa hayamo kwenye karatasi niliyoandikiwa. Mnakumbuka Oktoba 1994, ufunguo wa bomba la kuoshea ulipokosekana kutwa nzima, kahawa ya tangi la tatu ikachacha kwa kukosa maji ya kuoshea, ikanuka hadi barabarani, na kamati ikaketi katika chumba cha mizani ikashauri ichanganywe na ile nzuri, kwani nani angejua. Dada alisema, "Atakayeinywa atajua," akataka imwagwe na wanunuzi waandikiwe barua, ikawa hivyo, na alipoulizwa habari za ufunguo, akajibu kwamba ni yeye aliyezembea. Aliondolewa kwenye mizani msimu mzima, akapelekwa vichanjani kugeuza kahawa juani, na wengine wenu mlimsema vibaya, kwa sababu wiki sita tulingoja jibu tukiamini mkataba umeota mbawa.

Jibu lilisema watachukua iliyobaki kwa bei ileile, na kwamba watu walioandika barua kama ile hawatawaacha, ndipo tukapata zahanati mwaka 1997, maji ya bomba shuleni mwaka 2001, na hata mchuuzi akaanza kutusalimia kwa heshima.

Ufunguo ule ulikuwa mfukoni mwangu. Niliuazima asubuhi, nikasahau kuurudisha, nikaenda nao kujitambulisha ukweni, na niliporudi jua likizama, dada aliuchukua mkononi mwangu kabla mtu hajaona, akasema sitaanza ndoa kwa jina baya, kisha akaongeza, "Siku moja utawaambia mwenyewe." Miaka thelathini alinikumbusha kwa macho tu, kila nilipoleta kapu, nami niliona aibu, nikanyamaza.

Alianza kuugua figo Juni 2022, akahudumiwa hospitali kuu na baadaye katika zahanati yetu, kitanda cha dirishani kinachotazama vichanja, ambako aliwahesabia makosa wachambuaji wote, na hapo ndipo alipofariki, Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani mliopokezana kukesha naye, na wafanyakazi wenzake mliobeba jeneza, nanyi wanakamati, mkiona nastahili kugeuza kahawa juani msimu ujao, nitakuja na kofia yangu.

Dada, nimewaambia. Pumzika sasa, kwa amani.