Mauritius, Fiji na Ng'ombe wa Faini: Maisha ya Mwalimu Beth Nyaruai Wepukhulu

Mwalimu Beth Nyaruai Wepukhulu, ambaye leo Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025 tunamsindikiza hapa nyumbani kwake Kamukuywa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 huko Othaya, Nyeri. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Ngige Ngari na Mama Nyambu. Mwaka 1965 wazazi wake walipata shamba nje ya mji wa Kitale, wakahama na watoto watatu, majembe na mbuzi wawili. Mbuzi mmoja alifia njiani. Beth, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, aliwalaumu watu wazima wote kwa zamu mpaka wakafika.

Ukaidi huo hakuuacha njiani pamoja na mbuzi. Jirani na shamba lao kulikuwa na wakulima wawili waliogawiwa mashamba sawa, siku moja. Mvua yao ilikuwa moja na udongo wao mmoja. Lakini baada ya miaka mitatu ghala la mmoja lilijaa hata mlango ukakataa kufungika, na la mwenzake panya walihama wenyewe. Beth alimwuliza baba yake sababu. Mzee Ngige akasema mvivu ni mvivu tu. Msichana huyo alienda akamtazama huyo mvivu siku nzima, kisha akarudi na jibu lake: "Baba, huyo mtu analima kukushinda. Shida ni amepanda mahindi peke yake, na viwavi wamemaliza. Huyo mwingine ako na viazi na ng'ombe." Wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne. Tunaomba mlikumbuke jibu hilo, kwa sababu yeye mwenyewe alilisahau, na likamtoa machozi baadaye.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1968, akasoma sekondari mjini Kitale, na mwaka 1975 akaingia Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho wakati huo kilikuwa tawi la Nairobi. Alisomea ualimu, jiografia na uchumi. Huko mhadhiri mmoja aliwapa wanafunzi zoezi: kila mmoja achague nchi mbili ndogo zinazofanana, aone ni ipi itakayotangulia. Beth alichagua Mauritius na Fiji. Vyote ni visiwa, vyote vilitawaliwa na Mwingereza, kimoja kikapata uhuru mwaka 1968 na kingine 1970, na vyote viliishi kwa miwa. Aliviona kama yale mashamba mawili ya Kitale. Wenzake walimaliza zoezi hilo kwa wiki mbili. Yeye alilimaliza Jumatano tarehe 22 mwezi uliopita.

Alikuwa na daftari kubwa lenye jalada jeusi. Kila mwaka ulipata ukurasa wake: Mauritius kushoto, Fiji kulia, na chini yake wastani wa mapato, mauzo ya nje, watoto walioko shuleni na watoto waliokufa kabla ya miaka mitano. Hakufuta kitu humo kamwe. Takwimu mpya ikija, aliikata ile ya zamani kwa mstari mmoja na kuandika mpya juu yake. Alisema nchi hurekebisha hesabu zake kila mara, na ukifuta kabisa hutajua tena ulikosea wapi.

Januari 1979 aliletwa kufundisha sekondari hapa Kamukuywa, na hapo ndipo alipokaa miaka thelathini na mitano, mpaka alipostaafu mwaka 2014. Alifundisha jiografia na biashara. Alikuwa mkali, na asiyekubali hilo leo hakuwa darasani kwake. Ramani ya dunia aliichora ubaoni bila kutazama kitabu, na visiwa vyake viwili alivichora vikubwa kuliko Ulaya. Mkaguzi mmoja alipolalamika, alimjibu kwamba Ulaya ina wengi wa kuiangalia.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na Kizito Wepukhulu, afisa wa kilimo, mwana wa hapa. Mazungumzo ya mahari yalichukua miezi minane. Mzee Ngige alizungumza habari za mbuzi, Mzee Wepukhulu alizungumza habari za ng'ombe, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Katika kikao cha nne Beth aliingia na birika la chai, akawaambia wazee, "Mkishindwa kusikizana, mimi naenda Fiji." Wakasikizana kabla chai haijapoa. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa tumefika mahali ambapo wasifu wa watu wengi huruka, lakini mwenyewe aliacha agizo kwamba tusiruke.

Miaka hiyo ya mwanzo Fiji ilikuwa mbele. Mauritius ilikuwa imeanza kujenga viwanda vya kushona nguo za kuuza ng'ambo, na Mwalimu aliicheka darasani. "Mtu ana miwa yake shambani, halafu anaenda kushonea Wazungu mashati?" Alifundisha, tena kwa uhakika wa mtu mwenye digrii, kwamba Fiji itazidi kutangulia kwa kuwa imeshikilia miwa yake, na kwamba mkulima wa Bungoma afanye vivyo hivyo. Mwaka 1986, katika kidato cha nne, alikuwako kijana wa Misikhu aitwaye Jairus, mwandishi mzuri wa noti. Jairus alienda nyumbani akamwambia baba yake kwamba Mwalimu amesema. Wakang'oa kahawa, wakang'oa migomba, wakapanda miwa ekari zote sita, hadi mlangoni.

Mwaka uliofuata serikali ya Fiji ilipinduliwa mara mbili. Watalii wakakimbia, na wenye ujuzi wakafunga mizigo. Wakati huo yale mashati ya Mauritius yalikuwa yakiingiza fedha nyingi kuliko sukari. Takwimu husafiri polepole, na zilifika maktaba ya Kitale mwishoni mwa mwaka 1989. Mwalimu alizisoma akiwa amesimama. Mauritius ilikuwa imepita.

Wiki hiyo hiyo, katika soko la Chwele, alikutana na mama yake Jairus. Mama huyo alimweleza kwamba miwa yao ilikomaa, ikangoja lori la kiwanda, ikatoa maua, ikakauka, na lori halikuja. Pale nyumbani hakukuwa hata na ndizi ya kupika. "Na kahawa turing'oa," alisema. "Ati ni wewe urisema." Mwalimu alirudi nyumbani na kikapu kitupu. Alimwambia mumewe, "Hii kitu niliijua nikiwa na miaka kumi na nne. Nikaisahau nikipata digrii." Mzee Kizito anasema hajawahi kumwona akilia vile, kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Januari 1990 alienda Kitale kwa baba yake na kumwomba mtamba. Mzee Ngige aliuliza ni wa kazi gani. Alipoambiwa, "Nimekosea mtu," hakuuliza la pili. Kwao Othaya ilikuwa sheria: mkosaji hutoa mnyama, na aliyekosewa humjia nyumbani akala chakula chake. "Ukishampa, mngojee," alimwambia binti yake. "Akija akila kwako, hiyo maneno imekwisha. Usimkimbize."

Mtamba alipelekwa Misikhu kwa pikapu. Jairus alitoka nje akasimama.

"Mwarimu, hii ng'ombe ni ya nini?"

"Ni faini. Nilikufundisha vibaya."

"Faini? Si ni mimi niring'oa kahawa?"

"Wewe uling'oa. Mimi ndio nilikuambia. Shika kamba."

Jairus alikuwa na hasira, na hakuificha. Aliishika kamba, akamfunga mnyama kwenye mparachichi, akasema asante akitazama pembeni. Mwalimu akaingia kwenye pikapu. Tunaamini hakuna mwalimu mwingine katika wilaya hizi aliyejitoza faini ya ng'ombe kwa ajili ya somo.

Tangu mwaka huo, kila darasa jipya alilifungulia daftari kwenye ukurasa wa 1986. "Hapa ndipo nilikosea," aliwaambia. "Andikeni, ndio msije mkanipita kwa kukosea." Wanafunzi wakambandika jina la Madamu Fiji, akaliitikia. Lakini hakukubali Fiji ichekwe. Aliwaeleza kwamba Mauritius haikuacha miwa, ilipunguza tu kuitegemea, na hata makapi yake iliyageuza umeme. Aliwaeleza pia kwamba huko Fiji sehemu kubwa ya ardhi bado iko mikononi mwa koo. "Wastani unaonyesha nani ana pesa," alisema. "Hauonyeshi nani ana mahali pa kuzikwa." Mwaka wa korona, watalii walipokosekana na visiwa vyote viwili vikaanguka pamoja, alivihuzunikia kama mzazi ambaye watoto wake wawili wamelazwa wodi moja.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2019, na tangu 2023 figo zake zilidhoofika, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki huko Kitale. Alisema Mungu ana mzaha, kumwua kwa sukari baada ya kuisoma miaka hamsini. Tarehe 22 Oktoba alijaza ukurasa wa mwisho kitandani, huku muuguzi wake, Jelimo, akimsomea takwimu kwenye simu. Mauritius ilikuwa mbali mbele, karibu mara mbili.

"Na Fiji inapanda?" aliuliza.

"Inapanda, Madam, lakini polepole."

"Polepole pia ni kupanda. Leta kalamu."

Alilala usingizi wa milele Alhamisi tarehe 30 Oktoba, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Mumewe na binti yake Nasambu walikuwa wameshika mikono yake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Jumatatu wiki hii Nasambu alifungua daftari jeusi kutafuta tarehe za wasifu huu. Chini ya kila ukurasa, tangu 1990 mpaka huu wa juzi, kulikuwa na mstari ambao nyumba hii haikujua habari zake: *Jairus: bado.* Kurasa thelathini na sita. Mzee Kizito alivaa miwani. "Bado nini?" Dada yake Mwalimu, Wacera, ndiye aliyefahamu, akaanza kulia. "Alikuwa anangoja aje akule."

"Akule nini?" Mzee Kizito aliuliza. "Kwetu mtu akishatoa ng'ombe, maneno imeisha! Ukimfuata kwake tena, ni kama unaitisha ingine!" Kisha akavua miwani. Mwalimu na Jairus walisalimiana katika soko la Chwele kwa miaka thelathini na mitano. Mmoja alingoja aendewe, mwingine alijizuia kwenda, na kila mmoja alifanya hivyo kwa heshima.

Mwana wao Ngari alimpigia simu Jairus. Alifika Jumatano na mitungi minne ya maziwa ya uzao wa yule mtamba. Chai mliyokunywa asubuhi ya leo ni ya maziwa ya ng'ombe hao hao. Shambani kwake sasa kuna kahawa, ndizi, ng'ombe saba, na miwa kidogo nyuma ya nyumba, ya watoto kutafuna. Alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa.

"Kumbe mwarimu arikuwa ananingoja," alisema. "Na mimi nimeogopa kuja, aseme nimefuata ng'ombe ya piri."

Aliomba kalamu. Kwenye ukurasa wa mwisho alilikata neno *bado* kwa mstari mmoja, jinsi alivyofundishwa, na juu yake akaandika *1991*. Alipoulizwa, alisema huo ndio mwaka yule mtamba alipozaa, na baba yake akanywa chai ya maziwa ya boma lake mwenyewe, akamwambia, "Huyo mwarimu wako ni mtu." Hasira yake iliisha asubuhi hiyo. Hakujua kuna mtu anaandika.

Alikaribishwa chakula, akakataa. "Hapana," alisema. "Nitakura siku yake."

Marehemu amemwacha mume wake, Mzee Kizito Wepukhulu, watoto wake Nasambu, Ngari na Nakhumicha, wajukuu watano, ndugu zake Ndirangu na Wacera, madarasa thelathini na tano ya wanafunzi, na visiwa viwili ambavyo havitajua vilipendwa namna gani kutoka Kamukuywa. Daftari halitazikwa naye. Nakhumicha, ambaye ni mwalimu kama mama yake, atalichukua, na Januari ataandika ukurasa mpya.

Baada ya ibada ya kaburini, wageni wote mtaandaliwa chakula kwenye mahema. Jairus peke yake ataingia ndani, aketi kwenye meza ya Mwalimu, na Mzee Kizito atampakulia kwa mkono wake.

Mwalimu, amekuja kula. Sasa pumzika, na amani ya Bwana ikae nawe.